Ngumi Kwenye Ugali

Jumatatu, 22 Septemba

Scholastica kaondoka na basi la alfajiri kwenda Dodoma, kusahihisha mitihani ya darasa la saba. Siku kumi na mbili! Tumebaki wawili hapa Nakwa. Mimi, Rogath, karani wa mizani kwenye ghala la mbaazi, niliyeomba likizo. Na Hope, binti yangu, mwaka mmoja na miezi tisa, ambaye hakuomba chochote.

Mke wangu ameacha karatasi mlangoni mwa kabati. Mwandiko wa mwalimu. Milo mitatu kwa siku, kila mlo bakuli la bluu, la robo lita, lisijae hadi ukingoni. Katikati asusa mbili: nusu parachichi, au ndizi, au yai. Kikombe cha maziwa. Tumbo la mtoto ni dogo, tazama ngumi yake. Akigeuza uso ameshiba, muache. Chini kabisa, neno lililopigiwa mistari miwili: USIMSHINDILIE.

Kunifundisha mimi kipimo! Miaka tisa nashindilia magunia.

Lakini si jambo la kucheka. Kliniki ya mwezi uliopita Hope alikuwa kilo nane na gramu mia sita. Mstari kwenye kadi umetoka kijani umeingia kijivu. Scholastica kasema, bila kupandisha sauti, jambo ambalo ni baya zaidi, kwamba usipopanda kliniki ya tarehe mbili, mtoto anakwenda kulelewa na bibi yake Mbulu mpaka aanze chekechea. Miaka mitatu! Mimi nimezoea kuamshwa na kidole puani. Sitaki kuamka mwenyewe.

Na jirani yangu Mikidadi, Baba Muzamil, ana mtoto wa umri uleule mwenye kilo kumi na tatu. Humpitisha mlangoni kwangu makusudi. Mapaja kama mikate.

Nina mpango. Karatasi ibaki palepale kabatini, ni pambo zuri.

Jumanne, 23 Septemba

Mpango: milo sita badala ya mitatu, na bakuli langu la supu badala ya lile la bluu. Nimepika mtori wa ndizi na nyama. Mtori haujawahi kumshinda mtoto mwenye damu ya kwetu Rombo.

Ulimshinda. Vijiko vinne, akageuza uso. Nikaenda nje kuteka maji, nimekasirika. Niliporudi, bakuli jeupe! Limelambwa mpaka ua lililochorwa chini linaonekana. Hope kakaa pembeni yake, ametulia, anachezea kifuniko.

Nikajaza tena. Nikageuka. Likaisha tena. Mara sita! Siri ni hiyo: mtoto hataki kutazamwa. Hilo Scholastica hakuliandika.

Jioni nilinunua maandazi mawili kwa Bibi Tunu, mama yake Mikidadi, anayekaangia pale getini kwao. Hope akamwamkia. Husema "Koo!", ndiyo shikamoo yake, na humpa kila aliyemzidi umri, Muzamil hampi. Bibi akaitikia marahaba, akafunga maandazi matatu. Nikamwambia nimeagiza mawili. Akasema la tatu ni la yule mtoto mwingine.

Uzee. Nimelila mimi.

Alhamisi, 25 Septemba

Mikidadi kapita na Muzamil begani. Nikamwambia, kama kwa bahati tu, kwamba Hope anamaliza mabakuli sita. Akasimama. Akamtazama Hope, akaniuliza kwa upole anayaweka wapi.

Wivu! Nililala vizuri.

Ila karani ni karani. Kinachoingia na kinachotoka lazima vilingane. Mabakuli sita yanaingia. Pampasi ni moja kwa siku, tena nyepesi. Bibu la Hope kavu tangu juzi. Na kuku wangu, ambao wamewahi kula sabuni, hawagusi punje zilizoanguka chini ya meza. Wanafika kizingitini, wanasimama kwa mstari, wanarudi.

Huenda ni joto.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimempeleka Hope ghalani Mutuka. Nikamfunga kwenye shuka, nikamning'iniza kwenye mizani ya magunia. Kilo nane na nusu. Amepungua!

Nikapima jiwe la kilo kumi. Kumi. Mizani ile naijua uongo wake wote, na leo haikusema hata mmoja.

Nilikaa juu ya gunia, yeye mapajani. Shingo yake nyembamba. Niliogopa, naandika wazi. Bado siku sita.

Uamuzi: mabakuli manane.

Jumapili, 28 Septemba

Misa ya kwanza, halafu ugali na maziwa. Hope nimemfundisha mwenyewe: unachoma ngumi katikati ya ugali, unatoa, maziwa yanamiminwa kwenye shimo. Anapenda shimo kuliko ugali.

Nikaweka bakuli mezani lipoe, nikambeba Hope mgongoni, tukaenda kuanika nguo. Tuliporudi, shimo limeshachomwa. Vifundo vinne na gumba, safi kabisa. Hope hajashuka mgongoni. Nikamshusha, nikaingiza ngumi yake mle. Ikacheza.

Nikajua mara moja. Muzamil! Kanenepa kwa chakula changu! Nikavuka barabara na bakuli mkononi, ushahidi. Mikidadi kacheka mpaka kashika ukuta. Muzamil yuko Kondoa na mama yake tangu Ijumaa.

Bibi Tunu hakucheka. Aliliangalia lile shimo, akauliza naandaa mabakuli mangapi. Nikasema manane. Akauliza kwa watoto wangapi. Kisha akasema, huku anageuza maandazi, kwamba bakuli likimzidi mwenyewe huja wa kulimaliza, na anayekuja kumaliza huanza na fungu la mwenyewe. Nimpe mtoto la kwake tu.

Nikamshukuru kwa adabu. Nimetukanwa mara mbili kwa siku moja, tena ya Bwana.

Jumatatu, 29 Septemba

Saa saba mchana. Nilijificha nyuma ya mlango wa chumbani nione mwenyewe.

Jua kali. Upepo wa kutoka mlima Kwaraa ulikuwa unapiga bati tangu asubuhi, ukakata ghafla. Hope kakaa mkekani, bakuli mbele yake. Akala kijiko kimoja. Akachota cha pili, akakiinua kushoto kwake, juu, juu kuliko kichwa chake. Kijiko kikarudi kitupu. Akachota cha tatu. Kikarudi kitupu, kimefutwa. Akacheka, kama anavyocheka nikimtekenya.

Kisha akasema "Koo."

Hakuniambia mimi. Aliangalia pale juu ya kijiko. Mwanangu kampa shikamoo mtu aliyemzidi umri, na pale hapakuwa na mtu.

Nikamnyakua. Nilisimama naye barabarani mpaka saa kumi. Mikidadi akaniuliza kulikoni, Baba Hope. Nikasema napata jua, daktari kashauri.

Kuanzia leo, karatasi.

Jumatano, 1 Oktoba

Siku mbili za karatasi. Bakuli la bluu, halijai. Asubuhi uji na siagi ya karanga. Saa nne nusu parachichi. Mchana wali, maharage, mchicha, vyote nimeviponda. Alasiri yai. Jioni ugali na dagaa. Maziwa kikombe. Akigeuza uso, naacha, ingawa mkono unawasha.

Ajabu! Bibu limechafuka. Pampasi tatu, nzito, za heshima. Kikabaki kijiko kimoja cha wali, nikawarushia kuku, wakakipigania. Vitabu vinalingana.

Lakini nyumba haijaridhika. Kila saa saba upepo unakata. Mfuniko wa sufuria tupu unagonga, polepole, kama mtu anayechungulia. Bakuli langu la supu niliosha nikaliweka juu kabatini. Nikalikuta chini, mbele ya mlango, mdomo juu. Nikalirudisha. Nikalikuta. Mara tatu. Mara ya tatu karatasi ya Scholastica ilikuwa ndani yake, na imelowa.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilimwonea huruma yule mgeni. Nilishika mwiko. Nikauacha.

Bibi Tunu leo kafunga maandazi mawili tu. Kaniambia yule mwingine nisimtazame nikipita, ana njaa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kliniki!

Nilifika wa kwanza, nikiwa na tahadhari ndogo: mawe mawili ya mtoni niliyoyashona usiku kwenye pindo la gauni la Hope. Nesi akamvua gauni kabla ya yote. Likaanguka sakafuni kwa kishindo. Kina mama wote wakatazama pindo, halafu mimi. Nikasema ni mtindo wa Arusha.

Hope akavishwa ile kaptula ya kupimia, akaning'inizwa. Mshale ukapanda. Nane. Kumi na moja. Kumi na nne. Kamba ikalia. Kumi na sita! Nikapiga makofi. Hope hakutuangalia; aliinama, anaangalia chini ya miguu yake, akasema "Koo, koo," na akacheka.

Nesi alikuwa anaandika. Bila kuinua kichwa akaniambia, Baba, mtoe huyo mwingine kwanza, hatupimi wawili.

Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Kadi ilikuwa mkononi mwa nesi. Nikainama pale Hope alipokuwa anaangalia, nikapitisha mikono kama unavyomtoa mtoto aliyening'inia kwenye tawi, nikavuta.

Kilikuwa na uzito. Kilikuwa cha baridi, kama chungu asubuhi.

Mshale ukashuka mpaka kilo nane na gramu mia nane. Nesi akaweka nukta. Kijani! Kijani kwa unywele, lakini kijani. Akasema nimelisha vizuri, niendelee hivyohivyo, nisizidishe. Halafu ndipo akainua kichwa, akaona mikono yangu ilivyojikunja kifuani bila kitu, akaita anayefuata haraka.

Hope nilimbeba mgongoni. Mkono wa kulia ulichoka njia nzima mpaka nyumbani.

Jumamosi, 4 Oktoba

Scholastica kafika. Kabla ya kuweka mkoba chini akataka kadi. Akaisoma kama anavyosoma mtihani, akitafuta kosa. Hakuliona. Akampigia mama yake simu hapohapo, akamwambia mtoto habanduki, baba yake ameweza.

Baba yake ameweza! Nikatoka nje kuangalia kuku. Niliangalia kwa muda mrefu, mpaka macho yakakauka.

Nikamweleza kuwa ni nidhamu tu, na kufuata maandishi. Akauliza kwa nini karatasi imelowa, na nani kaliweka bakuli la supu mlangoni. Nikasema ni mtindo.

Usiku kidole puani. Nikalala tena.

Jumatatu, 6 Oktoba

Scholastica yuko shule. Muzamil karudi kutoka Kondoa. Mikidadi kampitisha mlangoni mara mbili, mara ya pili akajifanya amesahau ufunguo. Kilo kumi na nne! Akaniuliza Hope je. Nikasema kijani. Akasema aah, kijani, kama mtu anayepewa pole.

Nimekaa nikafikiri kikarani. Mshale ulisoma kumi na sita. Toa nane na gramu mia nane za Hope. Yule mwingine ana zaidi ya kilo saba, bure, anajitolea mwenyewe, na mimi mjinga nikamshusha! Kosa halikuwa chakula. Kosa lilikuwa kipimo. Aning'inie kidogo tu, kwa mguu mmoja, Novemba, mshale usome kumi na nne na nusu, Mikidadi apite njia nyingine. Kinachotakiwa ni tumfahamu na atufahamu. Hope anakula bakuli lake la bluu, sawasawa na karatasi. Yeye ana la kwake, pembeni. Nani kazidishiwa hapo? Bibi Tunu mwenyewe angekubali, ila sijamuuliza.

Bakuli la supu nimeliona dogo. Nikachukua beseni. Ugali mgumu, nikashindilia, nikaongezea kichwa juu kama gunia la lumbesa. Nikaliweka mlangoni. Saa saba kasoro. Nikambeba Hope mgongoni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikahesabu mpaka mia mbili. Upepo ukakata kwenye tisini.

Nimerudi. Hajala hata punje. Kachoma shimo tu, katikati, anasubiri maziwa, mwana mwenye adabu. Vifundo vinne na gumba.

Nikaingiza ngumi yangu nipime. Ikaingia mpaka kifundo cha mkono. Ikacheza.

Hope akaangalia juu ya paa, akasema "Koo," kwa sauti ya chini, akaficha uso shingoni mwangu.

Yule mwingine anakua vizuri. Kesho naongeza unga.