Giga Arobaini za Ondiek

Jumatatu, 3 Machi 2003

Imefika! Diski ya giga arobaini, kutoka kwa binamu yangu Melvin aliye Nairobi. Nimeiweka kiganjani. Haizidi kipande cha sabuni kwa ukubwa. Kompyuta yangu ina giga nne tu, imejaa mpaka ikifungua barua inakoroma kama ng'ombe mgonjwa. Lakini hii! Ungeandika majina ya watu wote wa Kitengela humu, na ya mbuzi wao, na nafasi ibaki. Nimeitazama dakika nzima bila kupepesa.

Mpango: kuhamisha Windows na programu zote hadi diski mpya kabla ya Jumamosi. Wilkister, mwenye ofisi ya kupiga chapa kama yangu ng'ambo ya barabara, ana giga ishirini na anatembea kama mwenye themanini. Ataona.

Tena Jumamosi anakuja Mwalimu Naisula wa Kajiado kuchukua kitabu chake. Miaka miwili amekuwa akiniletea madaftari, mimi nachapa: maneno ya bibi yake, majina ya rangi za ng'ombe, miti ya dawa, hadithi. Bibi alifariki Januari. Madaftari yameliwa na mchwa. Kila kitu kiko kwangu.

Mke wangu Elsie ameuliza kama najua kuhamisha. Nimemwambia tulihama kutoka Embulbul na hata kitanda hakikuvunjika. Amesema kilivunjika.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kompyuta na kuunganisha diski zote mbili. Nimenakili faili zote, asubuhi nzima. Nimetoa ya zamani, nimewasha. Giza. Maandishi meupe yakasema hakuna mfumo. Hakuna vipi? Nimeuona ukipita kwa macho yangu!

Kumbe Windows haihamishwi kama viazi, gunia hadi gunia. Nimesoma kwenye gazeti la zamani: mwanzoni mwa diski kuna kitu kidogo kisichoonekana, hakikubali kubebwa kwa mkono, na ndicho kinachoiamsha mashine. Nimebaki mdomo wazi. Kama pumzi!

Wilkister amechungulia. Amesema kuna programu ya kunakili diski nzima, pumzi na yote, na kwamba anaweza kuja kunionyesha. Nimechukua CD yake ya programu hiyo. Maarifa nimemwachia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Ee Mungu wangu.

Kwanza nimefuta diski mpya yote, ili tuanze safi. Kisha programu ikauliza: kutoka diski ya ngapi, kwenda ya ngapi? Nikawaza, mpya ndiyo kubwa, basi mpya ndiyo namba moja. Ikauliza kama nina hakika. Ndiyo. Ikauliza tena kwa herufi kubwa. Nimekasirika. Mashine gani hii isiyomwamini mwenyewe? Ndiyo!

Haikuchukua muda. Imenakili utupu kutoka diski mpya hadi ya zamani, kwa uaminifu mkubwa.

Jana nilikuwa na nakala mbili za kitabu cha Mwalimu. Leo sina hata moja. Nimezima. Sijagusa tena. Sijala.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya: kwenda Kajiado kumchelewesha Mwalimu. Nimemkuta shuleni. "Supa, Mwalimu," nikamsalimu kwa lugha ya kwao. "Ipa," akajibu, akaniletea chai. Nimemweleza kwamba Kitengela stima imepotea tangu Jumatatu. Amesema alipita Kitengela jana asubuhi akasikia redio yangu ikiimba. Nimesema ni ya betri.

Hakubishana. Ameanza kunisimulia jinsi bibi yake alivyomfundisha: alimsimamisha kando ya zizi, akataja ng'ombe wakipita, arus, sambu, mugie, kila rangi na jina lake, mpaka wa mwisho akaingia. Yeye mwenyewe anakumbuka nusu tu. Nusu nyingine, amesema akitabasamu, iko salama kwa Ondiek.

Nimeacha chai kikombeni. Nimerudi nyumbani na kumwambia Elsie ukweli wote. Hakunigombeza, na hilo ndilo limenitisha.

"Baba Sheryl," amesema, "ile barabara ina upana gani?"

"Hatua kumi hivi."

"Basi kesho uzitembee."

Ijumaa, 7 Machi

Nimezitembea.

"Dada Wilkister," nikasema. Akaweka kalamu chini. Amesema hajawahi kusikia neno Dada likitoka upande ule wa barabara.

Amekuja na kompyuta yake mwenyewe mikononi, akaiunganisha na diski yangu ya zamani.

"Uliandika chochote juu yake baada ya hapo?"

"Hapana. Niliogopa."

"Uoga wako umefanya kazi kuliko akili yako, jirani."

Amenieleza: kilichofutika ni orodha tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo. Maneno yenyewe yangali yamelala palepale. Sikuamini. Akaanzisha programu yake ya kutafuta.

Hapo mlango ukafunguliwa. Mwalimu Naisula! Amesema jana aliona uso wangu, akajua redio haina betri. Nikafungua mdomo niseme jambo kuhusu stima. Nikaufunga. Nikamwambia, "Mwalimu, nilikifuta." Alikaa kitini polepole, mkoba kifuani.

Tukangoja watatu. Kisha zikaanza kutokea. Faili bila majina, namba tu, moja baada ya nyingine, kutoka mahali ambapo palikuwa patupu! Barua za watu. Mahubiri. Wilkister akafungua ya arobaini na moja, na pale kwenye skrini: ng'ombe. Ukurasa baada ya ukurasa wa ng'ombe. Mwalimu akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na alipofika neno ambalo hakulikumbuka alisimamisha kidole, akalirudia mara tatu. Wilkister akageuka kutazama ukutani.

Kurasa zote mia mbili na kumi na mbili zimepatikana. Wilkister amezichoma kwenye CD mbili. Ameirudisha diski ya zamani ilivyokuwa, kisha amehamisha kila kitu hadi ile kubwa, namba moja ikiwa namba moja. Tumewasha. Windows imeamka humo na picha yake ileile, kama mtoto aliyebebwa usingizini hadi nyumba kubwa na asijue. Sijaona ajabu kama hii.

Jumatatu, 10 Machi

Habari zimefika mpaka Kimana, na kwa bahati zimefika na jina langu. Leo amekuja Bwana Isaac, katibu wa wakulima wa vitunguu, amebeba kompyuta ndani ya blanketi. Zamu za maji za mashamba yote zimo humo. Anataka diski kubwa. Nimemwambia amefika kwa fundi mwenyewe.

Amemwona Wilkister dirishani, akauliza kama yule mama pia anajua mambo haya. Nimesema anajaribujaribu.

Akauliza kama tutoe nakala kwanza. Nimemwambia asijisumbue, nimeshika bisibisi tayari.