Akiba ya Kudumu

Kwa furaha kubwa, na baada ya vikao kumi na vinne vyenye vitafunwa, Manispaa ya Klanaa, pwani ya Accra, iliutangazia umma kuundwa kwa Ofisi ya Uratibu wa Nafasi Uwanjani. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu aliyeruhusiwa kukimbia ovyo. Beki angekaa pa beki, winga pa winga, na anayetaka kuhama angejaza fomu, nakala tatu.

Mratibu Mkuu alikuwa Bwana Ebenezer Okine, mtu mzito wa mwili na wa mihuri. Hakuwahi kupiga mpira hata siku moja, jambo lililomkinga na upendeleo. Mbinu yake ilikuwa ya kitaalamu. Kila mchezaji wa Timu ya Mfano ya Manispaa alichorewa duara la chokaa, akasimama humo, na hakutoka mpaka namba yake itajwe kwenye kipaza sauti.

"Namba saba, hatua nne mbele! Namba saba, rudi kituoni!"

Watoto walishika haraka. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyewaza.

Kisha watoto wa mji mzima waliitwa kupimwa na kupangiwa nafasi. Awo Korkor, muuza kenkey, yale madonge ya mahindi yaliyochachuka, na samaki wa kukaanga, ambaye jioni hufundisha timu ya mtaa kwenye mchanga nyuma ya nyumba ya kuhani wa jadi, alimleta Adjeley, beki wake wa kushoto. Okine alimtazama mtoto kwa muda wa kutosha kupiga mwayo.

"Mfupi, msichana, tena wa mguu wa kushoto. Akiba ya Kudumu." Muhuri ukaanguka, pu!

"Ataa, Akiba ya Kudumu ndiyo nini?" Adjeley aliuliza, akimwita 'baba' kwa heshima ya kwao.

"Ni nafasi kamili, binti. Unakaa benchi hadi ustaafu."

Mtoto aliuma mdomo asilie. Awo Korkor hakuuma wa kwake.

"Ataa Okine, huyu anauona mpira kabla haujafika. Umeshamwona akicheza?"

"Nimeiona fomu yake."

"Haya. Na hiyo fomu inajua kukaba?"

Foleni nzima ilicheka. Okine naye alicheka, maana siku hiyo moyo wake ulikuwa mweupe. Jumamosi ya pili yake, Bi. Aryeetey, mkubwa wa Mkoa, angekuja kuiona Timu ya Mfano ikicheza. Ikimpendeza, Okine angepanda kuwa naibu wake, na unaibu ulikuwa na dereva na kiyoyozi. Kilichokosekana ni mpinzani dhaifu, na hapa mpinzani alikuwa amejileta mwenyewe.

"Njoo Jumamosi na timu yako, huyu mtoto akiwemo," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni. "Mkishinda, Akiba ya Kudumu nitakuwa mimi."

"Mmesikia wote," alisema Awo Korkor, akaenda kugeuza samaki wake.

Sasa, Jumamosi hiyo iliangukia katikati ya majuma ya kimya, yale ambayo makuhani wakishapanda mtama, mji wote hauruhusiwi kupiga ngoma wala kelele. Hata makanisani watu huimba kama wanaobembeleza mtoto. Okine alilijua hilo tangu utoto. Alikuwa ametia saini waraka wa mechi na waraka wa kutekeleza kimya asubuhi moja, bila kusoma hata mmoja, kama afanyavyo mtu mwenye majukumu mengi.

Siku ikafika. Refa alipunga leso nyeupe badala ya filimbi, na mpira ukaanza. Okine aliinua kipaza sauti.

"Namba ta..."

Vijana watatu wa kikosi cha kimya walikuwa tayari pembeni yake.

"Ataa, samahani. Hicho tunaondoka nacho."

"Mnanijua mimi ni nani?" alifoka kwa mnong'ono.

"Tunakujua. Saini yako si hii hapa kwenye waraka wa kimya?"

Ilikuwa yake, na ilikuwa nzuri sana.

Timu ya Mfano ilisimama kwenye maduara yake, kwa nidhamu ya kupigiwa mfano, ikisubiri maelekezo. Mpira ulimfikia namba saba miguuni. Aliutazama kama barua ya mtu mwingine. Beki wa kati alinyoosha mkono kuomba ruhusa. Okine akapunga mikono yote miwili kwa hasira, na watoto, kwa kuwa wamelelewa vizuri, wakampungia pia.

Watoto wa Awo Korkor walikuwa wamefanya mazoezi jirani na kuhani, bila neno tangu kimya kilipoanza. Alikuwa amewafundisha kugeuza shingo kabla ya kupokea pasi, na kwamba mwenzako akipanda, wewe shuka uzibe pengo lake. Adjeley alichungulia kushoto, akachungulia kulia, akapanda. Winga wake akashuka bila kuambiwa. Krosi, kichwa, bao! Mji mzima ulirusha vitambaa hewani bila sauti, na bibi mmoja alicheza pekupeku hadi jasho likamtoka.

Mabao yalipofika matano, namba saba alichoka kusubiri. Alitoa mguu mmoja nje ya duara, akaona hajafa, akatoa na wa pili. Akamtazama Awo Korkor, naye akamwonyesha kwa kidevu palipo wazi. Wenzake wakamfuata, chokaa ikafutika, na ukawa mpira wa kweli. Iliisha tano kwa mbili, na watazamaji walishangilia hata yale mawili.

Bi. Aryeetey alimsogelea Okine sikioni.

"Nasikia kuna ahadi uliitoa mbele ya watu."

"Ulikuwa utani tu, bosi."

"Mkoa hauna fomu ya utani."

Aliomba fomu ya Adjeley, akakata jina, akaandika Ebenezer Okine, na akaomba muhuri. Okine alimpa mwenyewe, kwa mazoea. Mama yule aliugandamiza taratibu, asivunje marufuku. Kisha akamwita Awo Korkor pembeni wazungumze habari za watoto wa Mkoa mzima.

Okine alikuwa na hoja saba za kupinga, zote za kupigiwa kelele, na kimya kilikuwa kimebakiza siku kumi na moja. Akaketi kwenye benchi. Adjeley alikuja kunywa maji, akamwonea huruma, akamega kenkey yake na kumpa nusu.

"Mwanangu," Okine alinong'ona, "hapa mtu anakaa mpaka lini?"

"Hadi ustaafu, Ataa. Lakini usijali, ni nafasi kamili."