Pikipiki ya Mjukuu Wangu Inatikisa Kichwa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Pikipiki ya mjukuu wangu inaumwa. Inatikisa kichwa kama mlevi aliyeambiwa aende nyumbani. Leo imemvuta kushoto kwenye kona ya kiwanda cha mikate, nusura aingie mtaroni na kreti zote za mikate anayosambaza. Karudi kiwiko kimechubuka, anacheka. Namjua huyu mjukuu, mke mwenzangu wa utani. Akicheka vile, ameogopa.

Baba yake, mwanangu wa kumzaa, hakucheka. Kasema Jumamosi ikifika bado inayumba, pikipiki anamuuzia mchinjaji wa mtaani, na binti arudi kushona vifungo dukani kwa shangazi yake. Mjukuu wangu na vifungo! Mtoto ambaye hata usingizini anakimbia! Nikamwambia mwanangu ana roho ya kobe. Kasema afadhali kobe, binti yake awe mzima.

Nitaitibu mwenyewe. Mwanangu anasema sijakanyaga darasa. Kweli. Lakini nimetengeneza cherehani maisha yangu yote, na pikipiki ni cherehani yenye haraka tu.

Jumanne, tarehe 4

Fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye tumbo lake hufika kabla yake, kasema ni beringi za usukani. Hajaigusa! Kasema akiwa kitini, anatafuna karanga. Nikamuuliza kajuaje. Uzoefu, anasema. Nikamwambia hata hicho kiti kina uzoefu, kimembeba siku zote hizi, mbona hakitengenezi pikipiki? Wateja wake wakaangua kicheko. Akaniambia, bibi, nenda kasuke mikeka.

Mikeka! Haya. Vita.

Dawa ya kwanza ya cherehani: kaza. Nimechukua spana ya mwanangu, nikakaza nati ya usukani, nikaning'inia kwenye spana mpaka nati ikalia. Dawa ya pili: mafuta. Nilishaelekeza kopo kwenye breki, mjukuu akaninyang'anya huku anapiga mayowe kwamba namtakia kifo. Basi. Breki zake zibaki kavu kama uso wa baba yake.

Jumatano, tarehe 5

Mbaya zaidi. Usukani umekuwa mgumu, pikipiki inakwenda upande huu, inajuta, inakwenda upande ule. Mjukuu kanisihi nirudishe nati ilivyokuwa, tujaribu, ndipo tuguse kitu kingine. Kimoja kimoja, bibi, anasema. Mtoto niliyembeba mgongoni juzi ananifundisha subira! Kimoja kimoja mpaka lini, na Jumamosi inakuja mbio?

Nati nimeiacha. Nimejaza upepo. Tairi laini ni uvivu. Nimepampu mpaka kiuno kikaniuliza nina shida gani. Sasa ukizigonga zinalia kama ngoma. Safi!

Alhamisi, tarehe 6

Inaruka. Mjukuu karudi anatembea kama bata. Mikate nayo imeruka, kuku wa mtaa mzima wameshiba. Mwenye kiwanda kampigia mwanangu simu. Mwanangu kasikiliza, kakata, kanitazama. Nikajifanya nachambua mchele. Hapakuwa na mchele.

Lakini nikiwa pale na sinia langu tupu, akili ikafunguka. Mchinjaji ataijaribu kabla ya kununua. Ikiyumba vibaya mno, hataitaka. Asipoitaka, inabaki kwetu. Kumbe ugonjwa ndio dawa! Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Nikamweleza mjukuu. Kaniuliza: ikibaki na ugonjwa huo, bibi, nani ataiendesha? Nikamwambia asiniharibie utamu.

Ijumaa, tarehe 7

Nimelegeza springi ya nyuma, upande mmoja. Kisha nikaficha ufunguo kifuani, mtoto asije akaipanda. Mimi si mwendawazimu.

Kapeleka mikate kwa miguu. Karudi mabega mekundu. Nimemkanda kwa maji moto. Hakunitania hata kidogo, hakuniita ajuza, hakuniita mke mwenza. Nyumba imepoa. Sipendi kabisa.

Jumamosi, tarehe 8

Mchinjaji kaja na aproni yake. Kaipanda. Karudi macho yamemtoka, anasema ina jini. Nikacheka ndani ya mtandio.

Lakini hakuondoka! Kashusha bei. Na mwanangu kakubali! Kasema bei yoyote, mradi aione ikitoka uani. Kumbe kazi yangu yote ilikuwa kumpunguzia mchinjaji bei. Mjukuu kavua kofia yake ngumu, kaiweka juu ya kiti, kwamba nayo ichukuliwe. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikasingizia moshi.

Mchinjaji, kwa tamaa ya kushusha tena, akachuchumaa nyuma ya pikipiki. Akafumba jicho moja, kama anavyomtazama ng'ombe aliyening'inia kabla ya kumpasua katikati. Akatangaza kwa kelele kwamba mgongo haukunyooka: gurudumu la nyuma limekaa upande, limevutwa mbele kushoto kuliko kulia, mnyama wa namna hii hawezi kwenda sawa!

Sote tukatazama ng'ambo ya barabara. Nani alilitoa gurudumu lile wiki iliyopita kuziba pancha? Karanga zikamkwama fundi. Kaja na spana yake, hakuinua macho, kalinyoosha bure. Nikamuuliza mikeka inasukwaje.

Mjukuu kanihoji kila nilichogusa. Kalegeza nati, kajaribu. Kapunguza upepo, kajaribu. Karudisha springi, kajaribu. Halafu kaenda mpaka kona ya kiwanda na kurudi, imenyooka kama uzi. Mwanangu naye kaipanda. Karudi, kashuka, kairudisha kofia ile kichwani pa binti yake, akaifunga mkanda mwenyewe. Kasema: siuzi.

Mchinjaji kautukana mdomo wake. Nimemkumbatia, damu za aproni na vyote.

Mjukuu kaniita ajuza tena. Nimemwambia anishukuru: kama si mimi kuiharibu, nani angechuchumaa?

Jumapili, tarehe 9

Wamekwenda wote kumtazama shangazi. Niko peke yangu na pikipiki uani. Nimeizunguka. Imenyooka. Imenyooka mno. Kitu kizima hakikai kimya namna hii, kinaficha jambo. Nimeitikisa nikasikia chwa, chwa ndani ya tangi. Mwanangu atasema ni petroli. Mwanangu husema mengi.

Spana nimeipata chini ya godoro lake. Alidhani ameificha! Nakaza kidogo tu.