Githeri ya Nyuzi Mia Moja

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimepata dawa ya Njuguna! Jumapili kuna harambee ya paa la kanisa, na mchungaji ametangaza kwamba atakayeivisha kwanza githeri yake ya mahindi na maharagwe ndiye atakayekuwa mpishi mkuu. Njuguna ameshika cheo hicho miaka yote. Anatembea na mwiko wake kama chifu na fimbo. Nautaka huo mwiko!

Njuguna hajui kemia. Mimi naifundisha. Kitengela tuko nyanda za juu, maji yanachemka kwa nyuzi tisini na tano tu, ndiyo maana maharagwe yanatutesa. Ukiyeyusha chumvi, joto la kuchemka linapanda: sifuri nukta tano mbili kwa kila moli katika lita, mara mbili kwa kuwa chumvi hugawanyika. Nahitaji nyuzi tano zaidi. Jibu: gramu mia mbili themanini kwa lita. Rahisi!

Ijumaa, 6 Juni

Nimemaliza chumvi yote dukani kwa Kui. Akauliza nimenunua ng'ombe wangapi. Nikalipa nikaondoka. Jioni jirani yangu Kuntai akaja kunipongeza kwa ng'ombe.

Jentrix, mke wangu, aliona hesabu, akauliza hiyo githeri italiwa na nani. Akanikumbusha kwamba hata maji ya kisima chetu yana chumvi tayari. Wivu wa nyumbani huo.

Jumapili, 8 Juni

Nyuzi mia moja! Kipimajoto hakidanganyi. Nililia mbele ya sufuria. Maharagwe yakaiva, Njuguna bado anachochea kuni!

Mchungaji akaonja. Akafumba macho. Nikadhani anaomba. Akaitisha maji, kisha maji mengine.

Wageni wakaanza kunong'ona. Aibu ilinishika vibaya. Kumbe Njuguna naye alikuwa analia: sufuria zake nne hazina chumvi, duka la Kui halina hata chembe. Akanitazama. Nikamtazama. Akachota upawa mmoja wa githeri yangu kwa kila sufuria yake, akakoroga, akaonja, akanikumbatia na mwiko mkononi. Watu walikula wakaomba nyongeza, Kuntai akacheza na akina mama. Sijawahi kufurahi hivyo!

Mwiko ulibaki kwa Njuguna.

Jumatatu, 9 Juni

Nimegundua kosa. Fomula ilikuwa sawa, chumvi ndiyo iliniangusha. Mwezi ujao ni chai ya harambee, na sukari hakuna anayeilalamikia. Haigawanyiki, kwa hivyo ni kilo tatu na ushee kwa kila lita.

Kui ameuliza kama nina harusi. Nimemwambia anifungie sukari yote.