Ndege wa Kwenye Mfereji wa Paa

Jumatatu, 3 Machi
Mama mwenye nyumba ameniagiza nizibue mfereji wa paa kabla mvua hazijaanza. Nipande ngazi! Mimi, ninayeogopa hata kusimama juu ya stuli! Nikamjibu haiwezekani, kuna ndege ameatamia humo. Mama anapenda ndege kupita kiasi, hata kunguru huwapa salamu. Akaniambia basi niache. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi bomba, akacheka puani. Anaimezea mate kazi yangu ya kutunza nyumba hii, pamoja na chumba tunachopewa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi
Mama kauliza ni ndege gani. Mweusi, nikasema, kifua chekundu, mkia mrefu. Akasema tangu azaliwe hajamsikia. Nikajiona msomi. Baadaye nikatoka kumtafuta anayefanana naye hata kidogo, maana ndege nimezoea kuwaona kwenye sahani. Shomoro tu, na njiwa mmoja kando ya dimbwi. Shingo yake inameta kijani, akigeuka inakuwa zambarau. Sikujua. Hakunisaidia kitu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mama anataka habari za mayai kila siku, kutoka huko huko juu. Shemeji alileta ngazi kabla sijamaliza chai. Nikapanda nimefumba macho. Nikatangaza mayai matatu, yote mazima. Nikashuka nikiikumbatia ngazi. Shemeji akanong'ona kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, tena ya kwenda juu.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Mfereji umefurika, maji yote chumbani kwetu. Godoro limelowa chapachapa. Mke wangu amesema wazi: nikaseme kweli, la sivyo atamwambia Mama kazi ampe kaka yake. Nimeona aibu kwelikweli. Kesho nakiri.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwambia Mama mwewe amekula mayai. Amelia! Nusura nami nilie. Kisha akafuta machozi, akasema basi nizibue sasa. Nikapanda. Nilipofumbua macho, mbayuwayu walikuwa wakipita chini yangu. Sikuwahi kuona mgongo wa ndege anayeruka. Ni wa buluu. Kwa muda nikasahau kuogopa. Majani nimeyatoa yote, kazi imebaki yangu.

Jumapili, 9 Machi
Mama ameniita shujaa. Anasema maadamu nimezoea ngazi, kesho nisugue tangi la maji, lile lililo juu kabisa ya paa. Shemeji ameshaegemeza ngazi. Mimi si mjinga. Nimemwambia Mama kuna bundi ameatamia pale. Amefurahi mno. Anauliza ana mayai mangapi.