Friji Irudi Kisiwani

Hamugembe,
Bukoba.

Kwa Baba Mdogo Ismail,
Mwaloni, Goziba,
Muleba.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA FRIJI ULIYOTULETEA

Baba Mdogo mheshimiwa,

Shikamoo. Husika na kichwa cha barua hapo juu, ila kwanza kaa chini, na kama uko mtumbwini ngoja ufike nchi kavu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu huwa nasema "ndiyo" mpaka salio linaisha, na safari iliyopita nilikubali jambo ambalo hata sikulisikia. Kwenye karatasi nina ulimi. Barua hii ataileta Masele, kijana wako wa mtumbwi, pamoja na ndoo tupu ya samaki. Nimemwomba asiisome, akasema barua za watoto wa shule zina maneno mengi, hana muda nazo.

Kwa heshima zote, naomba friji iondolewe sebuleni kwetu kabla haijauvunja mtaa. Sababu zangu ni hizi:

1. Friji imesimamisha sahani. Zamani Masele akileta sato wako mkubwa, mama alikuwa anamkatakata, anatenga wetu, halafu anasema, "Huyu hafiki kesho. Lukmani, chukua sahani." Sahani zilifunikwa kwa jani la mgomba zikaenda kwa majirani. Majirani ni wengi, ila ili barua isiwe ndefu nitamtaja mmoja tu, Mama Shadya. Na nyumba ya Mama Shadya, kama unavyokumbuka, ina Shadya. Kesho yake sahani ilirudi, wala haikurudi tupu: ndizi mbivu, parachichi, msimu ukifika wale panzi wetu wa kukaanga, senene. Aliyeirudisha alikuwa Shadya. Kwa hiyo kila samaki alikuwa na safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, na mimi nilikuwapo kwenye zote mbili. Siku hizi samaki anaingia kwenye friji na safari zake zimeishia hapo.

2. Friji imewaachisha kazi bakteria. Mwalimu wetu wa baiolojia anasema (kwa Kiingereza; mimi huelewa kwa Kiswahili nikishafika nyumbani) kwamba baridi ya friji haiwaui wale wadudu, inawasinzisha tu. Sasa Baba Mdogo, wale ndio waliokuwa wahubiri wetu. Ustadhi amezungumzia haki za jirani Ijumaa nyingi, watu wakaitikia vizuri, wakaenda nyumbani wakafunga milango. Lakini sato akianza kubadilika macho jikoni, hakuna aliyehitaji hotuba. Ukarimu wa mtaa huu wote ulikuwa unasukumwa na harufu. Umewalaza wahubiri, Baba Mdogo, na hakuna aliyechukua nafasi yao.

3. Friji ni mwongo. Tuliambiwa inatengeneza baridi. Haitengenezi baridi yoyote, inahamisha joto. Ndani ya mabomba yake kuna gesi. Kompresa inaibana, inapata joto, inalitema lile joto nyuma kwenye zile nondo nyeusi na kugeuka kimiminika. Kisha inapelekwa ndani, inapata nafasi, inageuka mvuke tena, na ili igeuke inanyonya joto la samaki. Yaani joto la samaki wako sasa linakaa sebuleni na wageni. Nilitaka kuhakikisha, kwa hiyo siku moja ya jua kali niliacha mlango wa friji wazi ili chumba kipoe. Chumba kikazidi kuwaka, maana mashine inatema mgongoni zaidi ya inachonyonya tumboni. Na umeme wenyewe unaoisukuma nao unaishia kuwa joto. Mama akaingia. Akasema, "Mwanangu, unapoza Hamugembe nzima?" Nilikuwa na jibu zuri sana la kisayansi. Nilisema, "Samahani mama." Majibu yangu huwa yanafika nikiwa nimeshajifunika shuka.

4. Ukoo wake nao una mambo. Nimesoma. Zamani watu wa nchi za baridi walikuwa wanakata barafu ziwani kwa misumeno, wanaifukia kwenye unga wa mbao isiyeyuke, wanaipakia melini kwenda kuwauzia watu wa nchi za joto. Ziwa tunalo na sisi, lakini la kwetu halikuwahi kukubali kukatwa. Baadaye daktari mmoja wa Marekani akaunda mashine ya kutengeneza barafu ili awapoze wagonjwa wake wa homa. Nia njema kabisa. Hakuna mahali aliposema kwamba ni kwa ajili ya mama kuficha kichwa cha sangara. Friji za kwanza za majumbani zilitumia gesi za sumu, na zikivuja watu walikufa ndani ya nyumba zao. Wataalamu wakaweka gesi nyingine isiyomdhuru mtu, nayo ikapanda juu ikaenda kuharibu ozoni inayotukinga na jua. Chombo chenye historia hiyo ndicho tulichokiweka sebuleni na kukivalisha kitambaa cha kufuma.

5. Majirani wameanza kuuliza. Mama Shadya alikutana na mama dukani, akamwambia, "Mama Lukmani, siku hizi shemeji yako havui?"

Mama akajibu, "Anavua, waitu jamani, ila tunakula kidogo kidogo."

"Ahaa. Na friji nayo inakula?"

Wakacheka wote wawili, kile kicheko ambacho kila mtu anaenda kukimalizia kwake. Tangu siku hiyo Shadya hapiti mbele ya nyumba yetu. Anazunguka kwa huko migombani.

Hapa ndipo hoja yangu yote ilipo, nakiri, na zile za juu nilizitanguliza zinisindikize. Wenzangu wanaweza kusimama mlangoni kwa watu na kusema habari za leo, wakaanza hadithi. Mimi bila sahani sijui mikono niiweke wapi. Nikiwa na sahani nilikuwa na sentensi: "Mama amesema mpokee." Nilikuwa naifanyia mazoezi kuanzia mlango wetu mpaka mlango wao. Shadya alikuwa anasema, "Ahsante, mwambie tunashukuru." Siku moja aliongeza, "Mvua inakuja." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwaka mzima na sijasahau hata neno.

6. Mapendekezo. Kwanza, friji irudi kisiwani, kule ina samaki wa kutosha na haitamkosesha mtu jirani. Ikishindikana, utume samaki wakubwa kuliko mlango wa friji. Ikishindikana na hilo, utume samaki waliokwisha kukata tamaa, wafike hapa hawana hata siku moja mbele yao. Nilifikiria pia kuwaomba watu wa umeme wakate siku Masele akija, na serikali itunge sheria kwamba kila chakula kiharibike kabla ya magharibi, kwa manufaa ya taifa. Lakini naona tuanze na wewe.

Nisalimie mwalo mzima, wapara samaki, wenye nyavu na wasio nazo, na Masele mwenyewe, hata kama amesimama hapo pembeni yako. Mama anakusalimia sana. Hajui ninachoandika, anadhani ni kazi ya shule.

Ni mimi mtoto wako mtiifu, ambaye haya yote angeyasema kwa mdomo kama angekuwa mtu mwingine,

Lukmani

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, hodi ikapigwa. Shadya, na sufuria yenye samaki. Mjomba wake kawaletea mkubwa, na mama yake anaomba tuwawekee. Shadya atakuwa anapita kila jioni kuchukua kipande. Mlango wa friji unashikwa na sumaku tu, hata mtoto wa chekechea anaufungua, lakini nimemweleza kwamba unahitaji mtu aliyeuzoea. Akauliza, "Hivi hii baridi inatoka wapi?" Nikamwambia hakuna baridi, kuna joto linalohamishwa. Nikaanza na gesi, nikapita kwa yule daktari, nilikuwa ndiyo naipakia barafu melini mama akaita kutoka uani kwamba tufunge mlango wa friji. Mikono yangu sikumbuki ilikuwa wapi.

Kwa hiyo, Baba Mdogo, friji ibaki. Na ukipata sato mwingine mkubwa, Masele asimlete kwetu. Ampeleke moja kwa moja kwa Mama Shadya. Wao hawana pa kumweka.