Skrubu ya Rafiki Yake Kapteni

"Daktari wa meno," alisoma Ngozi, gazeti la wilaya kalishika mbali na pua maana miwani kaisahau nyumbani. "Daktari wa meno kutoka Ohio ndiye bingwa wa gobore mwaka huu. Na gobore lenyewe kalinunua Julai hii tu. Indiana tumekwisha, jamani."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, dukani kwa Garnet, muuza donati na mpiga gobore, mkabala na maghala ya mahindi, kwenye ile meza ya dirishani ambayo mgeni akiikalia hufukuzwa kwa macho. Mashindano yalikuwa yamekwisha jana yake mchana. Siku tatu nzima watu wazima na akili zao walikuwa wamepiga mahema ya turubai kule bondeni, wakajifanya mwaka ni 1840. Walilenga shabaha kwa magobore, wakabadilishana vitu na wachuuzi, wakala maharage yaliyoungua na kuyasifia. Leo wamerudi kwenye suruali zao na vidonge vyao vya presha.

Isipokuwa Ngozi, ambaye jina lake la kanisani ni Lonnie Cobb. Yeye suruali ya ngozi ya kulungu huivaa mwaka mzima, na pembeni ina lebo ya kiwanda ambayo mkewe alimkataza kuikata, eti ina maelezo ya kufulia. Kichwani leo alikuwa na kofia mpya ya manyoya ya kicheche. Kaipata kwa mchuuzi, kwa kubadilishana na msumeno wa injini uliokuwa mzima kabisa.

"Soma habari, acha kujitazama kwenye kioo," alisema Virgil Tackett. Huyu wanamwita Nusu Pauni, kwa kipimo cha baruti alichowahi kukitia kwa mpigo mmoja. Nyusi zake hazikurudi zote.

"Nasoma. 'Bingwa mtetezi, Harlan Stroud, aliyekuwa akiongoza hadi risasi ya mwisho, alijitoa kwa kile alichokiita hitilafu ya jiwe la gumegume.'"

Meza yote ikamgeukia Harlan Stroud, kapteni wa chama chao cha gobore. Kapteni akajidai anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

Kusema kweli jiwe la gumegume, lile la kutoa cheche, halikuwa na hitilafu yoyote. Kapteni alisahau baruti. Alitia kitambaa, akatia risasi, akaishindilia kwa mdeki, ule ufito wake, mpaka chini, na baruti hakuitia hata punje. Kwa watu wa gobore hakuna fedheha inayozidi hiyo. Na pale bondeni ina adhabu yake: mkosaji hupiga kengele ya ng'ombe iliyotundikwa kwenye mstari wa kulenga shabaha, hutaja kwa sauti jina lake na jina la mama yake, kisha huvishwa risasi shingoni kwa kamba mpaka jua lizame. Adhabu hiyo aliitunga Kapteni mwenyewe. Miaka kumi na tisa ya ukapteni kawavisha watu kamba hiyo huku akicheka mpaka anashika mbavu. Ilipofika zamu yake jana, akapiga magoti nyasini kutafuta jiwe ambalo halikudondoka.

Risasi ilikuwa bado imekwama ndani ya gobore, na gobore liko nje kwenye pikapu, limefunikwa blanketi. Jioni hii chama kinachagua kapteni, na atakayechaguliwa hukaguliwa gobore lake papo hapo, mbele ya wanachama wote. Risasi isiyo na baruti nyuma yake hung'olewa kwa skrubu maalumu, na ya Kapteni ilikuwa imekatika jana. Ya kipimo kile anayo mtu mmoja tu wilaya nzima, naye alikuwa amekaa mbele yake, anakunywa kahawa kimya kimya. Ni Merle Hostetter, anayeitwa Kengele. Jina hilo alipewa na Kapteni.

"Haya, Kapteni," alisema Nusu Pauni. "Tueleze la jiwe."

"Ulikuwa upepo," alisema Kapteni. "Upepo ulivuma vibaya, ukanitoa kwenye umakini, nikagusa jiwe."

Garnet akatoka nyuma ya kaunta na sahani, akaweka donati moja mbele ya Ngozi. Hakuna aliyeiagiza. Ngozi akaing'ata.

"Upepo gani?" alisema Ngozi na mdomo umejaa. "Mimi moshi wangu ulipanda wima mpaka nikaona aibu."

"Wewe ulikuwa kwa wachuuzi unauza msumeno."

"Nilibadilishana. Watu wa 1840 hawakuuza, walibadilishana."

"Watu wa 1840 hawakuwa wapumbavu. Mkeo atakatia kuni kwa hiyo kofia?"

"Mke wangu hazungumzi na mimi tangu Ijumaa, kwa hiyo sijui atakatia nini. Usihamishe mada, Kapteni. Upepo haukuwepo."

Kapteni akakohoa. "Sawa, basi na unyevu nao. Baruti ilinyonya umande."

Garnet akarudi. Donati ya pili, hii ya chokoleti, ikaenda kwa Nusu Pauni, naye akamshukuru kwa kugusa ukingo wa kofia.

"Umande saa saba mchana," alisema Nusu Pauni. "Kaka, usitupige kamba. Sisi tulikuwa tunalala nyasini, tunaujua umande. Wewe ulilala wapi?"

"Kambini."

"Kambini wapi? Nyuma ya miti, kwenye gari la vitanda, lina kiyoyozi. Nilikisikia kinanguruma usiku kucha."

"Goti langu linaniuma, unajua."

"Na mimi sukari inanisumbua," alisema Kengele. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo. "Mwaka juzi ulinitolea sanduku langu la barafu hemani, lenye dawa zangu. Ulisema plastiki haikuwepo 1840."

"Sheria ni sheria, Merle."

"Ndiyo. Ulisema hivyo hivyo."

Kapteni aliangalia saa ya ukutani. Saa tatu kasoro. Duka la karibu linalouza skrubu ni mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, na Jumatatu halifunguliwi. Akili ikamtuma awalaumu wageni.

"Nitawaambia ukweli, na usitoke hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni watu wa Ohio. Yule daktari alisimama karibu yangu makusudi, ananisemesha semesha. Hawa watu wana hila."

Donati ya tatu ikaenda kwa Ngozi. Safari hii Ngozi alikunja ngumi ya ushindi chini ya meza, lakini Kapteni aliona.

"Garnet, leo donati unagawa sadaka?" aliuliza.

"Kunywa kahawa, Harlan," alisema Garnet.

Basi akaona heri alitoe lililomleta. Alijinyoosha, akapiga miayo ya uongo, akatazama nje ya dirisha.

"Merle, hivi ile skrubu yako ya kung'olea risasi bado unayo?"

"Ninayo."

"Niazime leo, jioni nakurudishia. Si yangu shida. Ni rafiki yangu mmoja, kashindilia bila baruti, mjinga yule. Anaona haya kuja mwenyewe."

Garnet akaingia nyuma, akatoka na boksi zima la donati, dazeni, limefungwa utepe. Akaliweka mbele ya Kengele.

"Rafiki," alisema Nusu Pauni, anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kamari iliyoharibika. "Kengele alisema jana hiyo hiyo: ataanza na visingizio, halafu ataazima kwa ajili ya rafiki. Mimi nikasema hapana, Harlan ana akili kidogo. Nikaweka umande."

"Mlikuwa mnanichezea kamari?"

"Kwa donati tu," alisema Ngozi. "Upepo na Ohio vilikuwa vyangu."

"Mlijua tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa unashindilia," alisema Nusu Pauni. " Ulikuwa unamweleza yule daktari wa meno jinsi ya kutosahau baruti. Ulimweleza vizuri mno. Ulimwambia, 'Mtu anayesahau baruti ni mtu anayeongea wakati wa kupakia.' Yeye kanyamaza, kapakia, kashinda."

Kapteni aliinamisha uso. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na humo ndani, pamoja na aibu, kulikuwa na kitu alichokuwa amekikwepa muda mrefu.

"Merle," alisema. "Ile mara yako."

"Tulikuwa tumemzika mama Jumanne," alisema Kengele. "Jumamosi nikaja bondeni ili nisikae peke yangu nyumbani. Kichwa hakikuwepo, nikasahau baruti. Ukaniambia nipige kengele, nitaje jina la mama. Nikalitaja. Ukasema halijasikika, nirudie."

Hakuna aliyegusa donati. Hata Ngozi alivua kofia yake ya kicheche na kuiweka mapajani.

"Sikujua kama umemzika wiki ile."

"Ulikuwepo mazishini, Harlan. Ulikula wali na kuku sahani mbili."

Kapteni akasema, "Nisamehe," kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakuongeza kitu.

Kengele akaingiza mkono mfukoni mwa koti. Akatoa skrubu, imefungwa kitambaa, imepakwa mafuta, akaiweka mezani kati yao. Kumbe alikuja nayo.

"Chukua. Rafiki yako asije akaumia."

"Asante, Merle. Jioni kwenye kura nitawaeleza wote mwenyewe, haki ya Mungu."

Ngozi na Nusu Pauni wakatazamana.

"Kura tulishapiga," alisema Nusu Pauni.

"Lini?"

"Jana, ulipokuwa unatafuta jiwe. Wanachama wote walikuwepo mstarini, tukasema ya nini kusubiri. Ulipiga magoti dakika arobaini, mzee. Tulipata muda hata wa kurudia kuhesabu. Kapteni ni Garnet. Jioni ni kukagua gobore lake tu, na keki."

Garnet alikuwa anafuta kaunta. "Ile kengele ya ng'ombe nimeshaishusha," alisema bila kugeuka. "Nitaitumia hapa dukani, kuita watu wa meza ya dirishani waende makazini."

Kapteni akaishika skrubu, akaigeuza geuza. Miaka kumi na tisa si mchezo. Alitaka kusimama aende zake, lakini swali lilimkaa kooni, na yeye si mtu wa kumeza maneno.

"Mimi nilipata ngapi?"

"Moja," alisema Ngozi.

"Ya nani?"

Kengele aliinua mkono polepole, kama mtoto darasani. Macho ya Kapteni yakamlegea kabisa, akanyoosha mkono wake juu ya meza.

"Merle, ndugu yangu. Baada ya yote yale, ukanipigia?"

"Nilitaka ushinde," alisema Kengele, anafungua utepe wa boksi lake. "Ungeshinda, tungekukagua gobore jioni hii."